Sokwe Katika Ngoi ya Mwanangu

Mjukuu wangu anasomea mambo ya wanyama wa porini chuo kikuu, na amepanga chumba Kahawa Wendani pamoja na wasichana wenzake. Jumapili akija kwangu Kiuu hunionyesha picha kwenye simu. Juzi alinionyesha sokwe wa mbuga moja ya huko Uganda, mama amempakata mtoto wake, na watalii wamesimama mbali wamefunika midomo kwa barakoa.

"Shosho, hawa wamebaki wachache sana," aliniambia. "Mtu akiwakaribia na homa yake anawaua. Hata kikohozi tu. Lazima ukae mbali."

Nilimrudishia simu yake nikaingia jikoni. Chai ikapoa mezani. Aliponifuata kuniuliza amekosa nini, nilimwambia yeye hajakosa, ila mimi nina hasira ya zamani, na hasira ya zamani ni kama jiwe la figa, haiozi. Akasema, "Basi niambie." Nilimwambia nusu tu. Hapa nitaisema yote.

Ilikuwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya miaka ya hamsini, wanaume wetu walipoingia msituni kupigania ardhi. Watu wa sasa wakisikia neno hilo wanafikiria hospitali. Kwetu sisi ilimaanisha kwamba serikali ya wazungu ilibomoa nyumba zetu na kutusukuma katika kijiji kimoja nje ya Ruiru, nyumba zimebanana, handaki refu limezunguka pande zote, na ndani ya handaki vijiti vilivyochongwa ncha. Handaki hilo tulilichimba sisi wenyewe, wanawake, kwa kazi ya lazima. Langoni walisimama ngati, wale homgadi, vijana wetu wenyewe waliopewa mikuki na bunduki ili watulinde dhidi ya waume zetu. Mume wangu alikuwa ameshachukuliwa. Walimpakia kwenye lori pamoja na wanaume wengine, mimi nikiwa na mimba kubwa, na sikuambiwa anapelekwa wapi.

Nilijifungua msichana. Kwa desturi ya Kikuyu msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake, na wa pili huitwa jina la mama ya mama yake. Kwa hiyo mwanangu alikuwa ni mama mkwe wangu, na mama mkwe alilichukua jambo hilo bila mchezo. Mtoto akilala alisema, "Nimelala." Mtoto akikataa uji alisema, "Leo sitaki uji." Nilikuwa nacheka. Nami nilikuwa nasubiri wa pili, kwa sababu mama yangu mzazi alikuwa amekufa, na watoto wake wengine wote walikufa wadogo. Nilibaki mimi peke yangu wa kumzaa tena.

Mama mkwe ndiye aliyetengeneza ngoi. Ngoi ni mbeleko ya ngozi ya mbuzi, na yake ilitoka kwa mbuzi aliyechinjwa mtoto alipozaliwa, mbuzi wa mwisho aliyetubakia. Aliikwangua mwenyewe, akaipaka mafuta, akaifikicha mikononi mpaka ikawa laini. Sisi tulikuwa watu wa kanisa, lakini kwa mambo ya mtoto wa kwanza hata wazee wa kanisa walifumba macho. Ngoi ilikuwa ya mtoto yule na wadogo zake watakaomfuata. Haikuazimwa, haikuuzwa, na mtu hakuichezea.

Kibali cha kutoka kijijini nilikipata kwa sababu nilichuma kahawa katika shamba la mzungu mmoja, barabara ya kwenda Thika. Asiyekuwa na kazi ya mzungu alibaki kuchimba. Nilichuma na mtoto mgongoni, buni kwenye debe, na alipolia nilikaa chini ya mkahawa nikamnyonyesha, nyapara akigeuka upande mwingine. Tulikuwa na njaa, lakini mtoto hakuwa na njaa. Alikuwa na mapaja ya kubanwa na vidole. Hiyo ndiyo mali niliyokuwa nayo duniani.

Basi yule bwana wa shamba akasafiri Kongo, akarudi na mtoto wa sokwe. Sisi neno sokwe tulikuwa hatulijui, tulimwita nugu. Mpishi wa pale, ambaye alisikia mazungumzo ya mezani, alituambia kwamba mama yake alipigwa risasi juu ya mti, na mtoto akabanduliwa kifuani pake akauzwa sokoni. Kalikuwa kadogo, uso wa rangi ya ngozi mbichi, masikio makubwa, na mikono kama ya mzee. Walikaweka kwenye kikapu chenye blanketi. Kalikataa chupa. Kalikaa kakijishika mabega na kujiyumbisha, na kila mtu aliona kwamba kanakufa.

Memsabu, mke wa bwana, alizunguka shambani akilia. Simsingizii, alilia machozi. Akapita katika mistari ya kahawa, akasimama mbele yangu, akaona mtoto wangu amelala mgongoni, shavu limebonyea kwenye ngozi. Akamwita nyapara. Akanionyesha kwa kidole, halafu akaionyesha ngoi.

Nilidhani anataka kuninunulia mtoto kitu. Mjinga mimi. Alitaka mgongo.

Nyapara alinieleza kwamba nitambeba yule mnyama kutwa, nitalala naye stoo karibu na jikoni, na nyumbani nitakwenda Jumapili. Nikamuuliza na huyu je. Akasema huyu ana nyanya yake. Nikamwambia huyu ananyonya. Akanitazama kwa huruma, maana naye alikuwa na watoto, akaninong'oneza, "Ukikataa, kibali kinarudi kwa bwana leo hii, na kesho wewe na huyo mtoto mko kwenye handaki." Nikamfungua mwanangu nikampeleka nyumbani. Nilitaka kumpelekea mama mkwe ngoi pia, haikuwezekana, kwa sababu memsabu alikuwa ameshaishika kule shambani.

Walijaribu kwanza shuka, mnyama akaitupa. Walimfunga kwenye ngoi akatulia palepale. Ilikuwa inanuka maziwa na mtoto. Akatia kidole kinywani, akashika nywele zangu za kisogoni, akalala. Memsabu akapiga makofi taratibu asimwamshe. Nami nilisimama pale, joto la mnyama limenikaa mahali pa mwanangu.

Siku zile zilikuwa na aibu ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Yule sokwe alipolia, kile kilio chake kidogo cha "hu, hu", kifua changu kilisikia mtoto. Maziwa yalinitoka yakalowesha gauni mpaka kiunoni. Yalikuwa ya mwanangu, aliyekuwa kijijini anabembelezwa kwa uji wa maji, na yalimwagika bure kwa sababu ya nugu. Niliufokea mwili wangu mwenyewe. Niliuambia, wewe huna akili. Huku sokwe ananyweshwa chupa ya maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, na yanayobaki yanamwagwa kwenye maua, kwa kuwa daktari wa wanyama alisema yakilala yanamdhuru.

Daktari huyo huyo ndiye aliyesema neno lingine. Baada ya Jumapili ya kwanza, niliporudi kazini alfajiri, nilimbeba mwanangu mgongoni kwa kipande cha gunia, nikifikiri labda nitamnyonyesha nyuma ya jiko, jioni wachumaji wamrudishe kwa mama mkwe. Mtoto akakohoa mara moja tu, kikohozi cha vumbi. Daktari alikuwa uani. Alirudi nyuma kama ameona nyoka. Akamweleza memsabu, na memsabu akanieleza mimi, kwamba hawa wanyama wanashika magonjwa yetu upesi, na kikohozi cha mtoto wangu kinaweza kumuua sokwe. Tangu leo mtoto asikanyage pale. Nami kila ninapotoka nyumbani nioge kwa sabuni ya dawa, nibadilishe gauni, na nijifunge kitambaa mdomoni.

Kikohozi cha mwanangu. Hakuna aliyeuliza kikohozi kile kitamfanya nini mwanangu.

Mama mkwe hakuzungumza nami Jumapili mbili. Siyo kwamba alinikasirikia mimi. Aliikasirikia ngoi. Alisema ngoi iliyobeba mnyama imeshika thahu, unajisi, na haitarudi kwa mtoto hata ikifuliwa na mto wote wa Ruiru. "Wamenivua nguo," aliniambia mwishowe, akimaanisha mtoto, kwa maana mtoto ni yeye. "Sasa nitabebwa na gunia kama viazi." Mtoto alikuwa ameanza kukonda. Mapaja yalipungua. Nikimpa titi Jumapili alinivuta kwa hasira, akaachia, akanusa shingo yangu, akalia. Sabuni ile ya dawa na harufu ya sokwe vilikuwa vimenigeuza mtu mwingine. Na maziwa nayo yalikuwa yanaanza kukauka.

Halafu akaja mgeni, mzungu mwenye kaptura na ndevu nyekundu, msimamizi wa mbuga moja huko Kongo. Watu kama hao tuliwaita Bwana Nyama. Wazungu wa mashamba ya jirani walikaribishwa chai barazani wamsikilize, na mimi nikawekwa kando ya meza na sokwe mgongoni, kitambaa mdomoni, kama kabati lenye kitu cha kuonyesha. Walizungumza lugha yao, lakini mpishi alikuwa akipita na biskuti, na kila alipopita aliniachia maneno.

Alisema sokwe wanaisha. Alisema wawindaji huua mama ili wapate mtoto, na kwa kila mtoto anayefika mjini wengi wamekufa njiani. Alisema katika mbuga yake sasa kuna sheria, na watu waliokuwa wakiishi mle msituni wamehamishwa wakajengewa kijiji pamoja, ili mama na watoto wao wasisumbuliwe. Aliposema juu ya mama sauti yake ilitetemeka, na memsabu mmoja akatoa leso.

Nilijua kijiji cha watu waliohamishwa kinafananaje. Niliangalia kama kuna mtu hata mmoja pale barazani atakayenitazama. Walitazama bega langu, ambako mnyama alikuwa ameegemeza kidevu.

Bwana Nyama akaja kwangu. Akamkuna sokwe kichwani vizuri, mkono wa mtu anayejua. Akaniambia kwa kile Kiswahili chao cha shambani, "Wewe mama kamata hii mzuri sana. Hii iko kidogo kabisa dunia yote. Nyinyi watu iko mingi."

Kitambaa kilikuwa mdomoni. Lakini neno hilo nilibaki nalo. Iko mingi. Wako wachache, kweli, nakubali hata leo, mjukuu wangu amesoma na hanidanganyi. Lakini nani aliyewapunguza? Nani mwenye bunduki kati yangu na wale waliokunywa chai? Na huo wingi wangu ulikuwa wapi? Mume hayuko, mama hayuko, ndugu hawako. Nilikuwa mwingi wa nani?

Bwana Nyama alilala pale. Kesho yake asubuhi wachumaji walipofika kutoka kijijini, jirani yangu mmoja alikuja mpaka kwenye ua wa jikoni. Hakuzunguka maneno. Alisema, "Mtoto wako amebanwa na kifua. Mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi. Mama mkwe wako anasema uje sasa, siyo Jumapili."

Nilikwenda kwa memsabu. Nilimwomba kwa heshima zote, mikono nimeiweka mbele. Alisikitika. Alisema pole sana. Kisha akasema Jumapili zenyewe sokwe hushinda akilia, akiachwa na siku nyingine atakufa kwa huzuni, nisubiri Jumapili, na kwa vile mtoto anaumwa kifua nisimguse hata hiyo Jumapili, kwa usalama. Akanishika bega aliposema hivyo, kwa upole. Upole ule ndio ulionimaliza. Angenipiga kofi ningejua la kufanya na uso wangu.

Nilirudi jikoni, nikakifungua kitambaa nikakitia motoni. Halafu nikatoka. Sikumtua sokwe. Watu waliniuliza baadaye kama nilitaka kumwiba, na wengine wakasema nilitaka kumwambukiza makusudi. Uongo. Alikuwa ameshika nywele zangu, na sikuwa na muda wa kubishana naye. Kama hawezi kukaa bila mimi basi twende.

Nikaifuata barabara mchana kweupe, mwanamke na nugu mgongoni. Wachumaji waliacha madebe wakanitazama. Pale langoni ngati alinyanyua mkuki, akaona vile vidole vyeusi begani mwangu, akaushusha. Alikuwa kijana niliyemjua tangu akichunga mbuzi. Akauliza, "Hiyo nayo ina kibali?" Nikamwambia, "Kuliko wewe." Akanipisha.

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni na mtoto mapajani. Aliponiona na kile kitu mgongoni alifumba macho. Nilifungua ngoi, nikamweka sokwe chini pamoja nayo, nikanawa kwa maji ya mtungi kwa haraka, nikamchukua mwanangu. Alikuwa wa moto. Mdomo ulikuwa umekauka. Nilimpa titi, na nilidhani hakuna kitu, lakini sokwe alipoanza kulia pale chini, "hu, hu", maziwa yakashuka. Haya, nikasema, leo angalau umenifaa. Mtoto akanyonya kidogo, akapumzika, akanyonya tena. Safari hii hakuninusa. Hakuwa na nguvu za kunusa.

Sokwe alijivuta na ile ngoi mpaka kwenye miguu ya mama mkwe. Nilisubiri ampige teke. Mama mkwe alimtazama tu. Sokwe akashika pindo la nguo yake kwa mkono mmoja, mwingine umeshika ngozi.

"Huyu naye," mama mkwe aliuliza, "mama yake yuko wapi?"

Nikamwambia, "Walimuua."

Akamega kiazi kitamu kilichokuwa kwenye majivu, akakipuliza, akampa. Siku zote nilizokaa katika nyumba ile, barazani, jikoni, mbele ya daktari na memsabu na wageni wa chai, hakuna aliyeuliza swali hilo kwa sauti ya mtu anayetaka jibu. Aliliuliza mwanamke aliyemwita unajisi.

Gari lilifika kiazi hakijaisha. Bwana wa shamba alikuwa na Bwana Nyama, na ngati wakikimbia nyuma yao. Bwana alifoka, uso umeiva. Nilisikia maneno mawili tu, kibali na jela. Bwana Nyama hakufoka. Alichuchumaa kumwokota sokwe, na sokwe akakataa kuachia ngoi, akalia mpaka watu wakatoka majumbani. Basi wakamchukua nayo. Walimzungushia ile ngozi ya mbuzi wetu wakamtia garini.

Kabla hajapanda, Bwana Nyama alinigeukia. Alionekana kusikitika. Akasema tena, kama mtu anayemweleza mtoto mgumu, "Mama, mimi nasema wewe jana. Hii iko kidogo."

Nilisimama na mwanangu kifuani, nikamjibu kwa Kiswahili chake kile kile ili asije akasema hakunielewa.

"Hiyo iko kidogo," nikamwambia. "Hii iko moja."

Alimtazama mtoto. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alimwona. Kisha bwana akapiga honi, naye akapanda.

Mchana ule ule mama mkwe alitangulia mbele yangu mpaka langoni, akamwambia ngati yule kwamba anakwenda zahanati ya misheni, na akitaka kumchoma mkuki mzee wa rika la nyanya yake aanze sasa. Ngati akatazama pembeni. Nesi alimdunga mtoto sindano, na akatuambia tungechelewa hadi kesho asingekuwa na wa kumdunga. Kibali changu kilifutwa. Nilichimba handaki mpaka Emajensi ilipoisha, mtoto mgongoni kwa gunia, na alikuwa anakohoa na kunenepa, kunenepa na kukohoa, na mama mkwe alikuwa anasema, "Sasa nimepona."

Sokwe alipelekwa Ulaya kwenye bustani ya wanyama. Mpishi aliniambia alikufa huko wakati wa baridi. Nilidhani nitafurahi. Nilikasirika upya, kwa ajili yake, na hilo nalo sijawasamehe.

Mume wangu hakurudi. Lori zilirudi, wanaume wakashuka, na nilisimama pale kila mara mpaka hakukuwa tena na lori la kusubiri. Nilichomwambia yule mzungu kilikuwa neno la hasira, sikujua nilikuwa natabiri. Alibaki mmoja. Alikua, akaolewa, akazaa msichana wa kwanza akampa jina la mama ya mumewe, na wa pili akampa langu. Huyo wa pili ndiye huyu wa chuo kikuu.

Kwa hiyo Jumapili ile jikoni, aliponiambia, "Pole, Shosho, lakini kweli wanaisha, ni lazima kuwe na mtu wa kuwahesabu," nilikuwa najitazama mwenyewe nikiwa msichana nimesoma. Sikutaka kumkatisha moyo. Nilimwambia ni kazi nzuri, awahesabu wote, mama na watoto.

Kisha nikamuuliza kama analijua jina la mama yangu mzazi. Hakulijua. Hakuna anayeitwa hivyo katika nyumba yetu, wala kwa mama yake, wala kwa dada zake, kwa sababu jina lile lilikuwa la msichana wangu wa pili, na wa pili sikumpata. Nikamwambia huyo naye ameisha, na hakuna aliyekuja na kaptura kumlilia.

Akaweka simu mezani. Akaniomba nilitaje jina lile, nikalitaja, akalirudia vibaya, nikamrekebisha, akalirudia tena.